Jembe na nyundo vimebaki kwenye bendera tu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo.

Kampeni zikianza tu tunaambiwa CCM ni chama cha wakulima na wafanyakazi, na bendera kweli ina jembe na nyundo, sawa, ila mkulima wa pamba au mwalimu wa shule ya msingi anaingilia mlango gani humo ndani?

Zamani mlango ulikuwepo. TANU ya 1954, chama kilichokuja kuzaa CCM, ilibebwa sana na ushirika wa wakulima wa pamba huku Kanda ya Ziwa, kina Paul Bomani, na vyama vya wafanyakazi, kina Rashidi Kawawa. Baadaye chama kikawameza, 1964 ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, halafu zikawa JUWATA ya wafanyakazi na Washirika ya wanaushirika, jumuiya za chama. Najua kumezwa sio kuwakilishwa, utagomaje na mwajiri ndo chama chako? Lakini angalau kiti walikuwa nacho. 1991 kule Zanzibar masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yakalegezwa, wenye hisa na nyumba za kupangisha wakakaribishwa, na kwenye mageuzi ya miaka hiyohiyo JUWATA na Washirika zikatoka chamani. Zikabaki jumuiya za vijana, wanawake na wazazi.

Na wapinzani wasicheke. CHADEMA wana BAVICHA, BAWACHA na BAZECHA, yaani mabaraza ya vijana, wanawake na wazee, ACT Wazalendo nao ngome za vijana, wanawake na wazee. Yaani umri na jinsia tu, kazi ya mtu hamna mahali!

Ndo maana 2010 TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walipodai kima cha chini cha mshahara shilingi 315,000 kwa mwezi, Rais Kikwete aliwajibu waziwazi kwamba hela hiyo haipo, hata kama ni kura wamnyime, na uchaguzi akashinda.

Siku hizi wanaobembelezwa ni machinga na bodaboda. Machinga walau 2018 walipata vitambulisho vya Magufuli vya shilingi 20,000 kimoja. Bodaboda wa kijiweni kwetu siku ya mkutano wanajaziwa mafuta, wanapewa kofia na tisheti, msafara honi mji mzima, wiki inayofuata mgambo yuko palepale anakamata pikipiki na hao waliogawa tisheti simu hawapokei.

Sasa makatibu wakuu wa vyama vyote watujibu: kwenye vikao vyenu vya uteuzi nani anakaa kwa niaba ya wakulima, na wakulima gani walimchagua?

Msomaji wako,
Mwanza