Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuuza Vitabu Adimu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kuona kwamba swali lako la kwanza halikuhusu faida. Unauliza muuzaji wa vitabu adimu huuza nini hasa, ilhali maneno yale yale hupatikana kwa bei ndogo katika chapa mpya. Huuza maelezo aliyoyathibitisha: kwamba hili ndilo toleo la kwanza, kwamba kurasa zote zimo, kwamba sahihi iliyomo ni ya mwandishi mwenyewe, na kwamba yuko tayari kurudisha fedha iwapo lolote kati ya hayo litabainika kuwa si kweli.

Watu hupenda zaidi masimulizi ya minada. Wewe pia umemtaja Rosenbach, muuzaji wa vitabu wa Philadelphia, aliyelipa pauni 15,400 mjini London mwaka 1928 ili aupate mswada wa hadithi ya watoto ya Alice, ulioandikwa kwa mkono wa mtunzi wake, Lewis Carroll. Masimulizi hayo ni matamu, lakini mnada huisha kwa dakika chache, na siku zetu nyingi tunazimaliza tukihesabu kurasa.

Mimi ningependa uwasome zaidi John Carter na Graham Pollard, Waingereza wawili waliofanya biashara hii wakiwa bado vijana. Walianza kuvitilia shaka vijitabu kadhaa vya washairi wa karne ya 19, kikiwemo cha Elizabeth Barrett Browning kilichodai kuchapishwa mjini Reading mwaka 1847. Hakuna aliyekuwa na nakala yenye maandishi ya mwandishi ya wakati ule, wala nakala iliyouzwa zamani, jambo ambalo peke yake lingetosha kumkosesha usingizi muuzaji makini. Wakaipeleka karatasi ichunguzwe kwa darubini, na katika vijitabu vingi ikaonekana nyasi ya esparto au rojo la mbao lililotengenezwa kwa kemikali, vitu ambavyo viwanda vya Uingereza havikuwa vikivitumia katika miaka iliyoandikwa kwenye vijitabu hivyo. Herufi nazo zilikuwa za umbo lililobuniwa baadaye. Walipotoa matokeo yao mwaka 1934, ilikuwa wazi kwamba vijitabu hivyo vilighushiwa, na ushahidi ulimwelekea Thomas J. Wise, mkusanyaji ambaye orodha zake za vitabu zilikuwa zikitegemewa na wauzaji wenzetu kote. Unaona walichokifanya? Hawakumwuliza mtu mwenye jina kubwa, waliiuliza karatasi.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, jifunze kukagua. Linganisha nakala yako na maelezo ya nakala nyingine zinazojulikana, hesabu picha na ramani moja moja, tazama kama kuna ukurasa uliotolewa katika nakala nyingine na kupachikwa humo, na usiidharau karatasi ya nje inayofunika jalada, kwa maana kwa vitabu vya karne ya 20 mara nyingi hiyo ndiyo yenye sehemu kubwa ya thamani. Muhuri wa maktaba ukiuona, uliza kitabu kilitokaje huko. Asiyekuwa na jibu, usinunue kwake, hata akikupunguzia.

Jambo gumu kuliko yote halifundishwi na kitabu. Utaitwa nyumbani kwa wafiwa wasiojua kilichomo kabatini, nao watakwambia utaje bei wewe. Sheria za nchi nyingi huenda zisikuzuie kutaja bei ndogo, na wapo wanaoita hilo ujanja wa soko. Mimi naliita wizi uliovikwa adabu. Waeleze kitabu ni nini, na toa bei ambayo huwezi kuionea haya siku utakapoonekana ukikiuza.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu: mtaji wako utakaa rafuni kwa miaka, na mnunuzi anayestahili kitabu fulani anaweza kuwa mmoja tu. Leona Rostenberg na Madeleine Stern walifanya kazi hii pamoja kwa zaidi ya nusu karne, na walidumu kwa utafiti wao.

Maelezo ya kitabu ulichoniandikia nimeyasoma. Futa neno "kizuri sana". Andika kwamba uti wa jalada umepasuka, kwamba ukurasa wa kichwa una doa la maji, na kwamba ramani ya mwisho haimo, kisha unitumie tena kabla hujaweka bei.

Mama yako