Meneja wa afya afunzwe nchini mwake, kazini kwake

Mhariri,

Daktari hutibu kwa miaka kumi, akasifika, kisha siku moja anakabidhiwa wilaya nzima: bajeti, magari, dawa, chanjo na mamia ya watumishi. Hakuna aliyemfundisha kupanga matumizi ya fedha wala kuagiza dawa kabla hazijaisha. Hivi ndivyo nchi nyingi zinazoendelea zinavyopata mameneja wa afya ya jamii. Nami nilipatikana hivyo hivyo.

Nilipelekwa semina. Mkufunzi alitoka mbali, akatufundisha siku tano kwa mifano ya hospitali zisizopungukiwa kitu. Alijua kazi yake na alitujali, lakini alipoondoka hatukuwa na wa kumuuliza. Mwaka uliofuata mfadhili akaleta mwingine, tukaanza upya. Huku kwetu jokofu la chanjo lilikaa wiki tatu bila gesi, na fedha ya gesi ilikuwepo. Ombi lilikwama mezani kwa mtu, na mimi, mkuu wa kazi, sikujua ni meza gani. Watoto walirudishwa nyumbani bila chanjo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa. Thailand ilianza mwaka 1980 kuwafunza wachunguzi wa milipuko ya magonjwa wakiwa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zimbabwe na Uganda zilianzisha shahada ya uzamili ya afya ya jamii ambayo sehemu kubwa ya masomo ilifanyika wilayani, chini ya vyuo vikuu vyao wenyewe. Kwa Uganda kilikuwa Makerere. Ukifunzwa hivyo, unasomea tatizo lililo mbele yako, na mwalimu wako yuko karibu ukikwama.

Kwa hiyo naziomba wizara za afya zichukue fedha zinazoishia kwenye posho na kumbi za semina, ziajiri wakufunzi wa kudumu vyuoni, walipwe na bajeti ya serikali ili hata mradi wa mfadhili ukifungwa wao wabaki. Wauguzi na maofisa afya nao wapokelewe, maana vituo vingi wanaviendesha wao. Na meneja aliyekwisha kufunzwa asihamishwe kabla hajamfundisha atakayempokea. Mimi nilihamishwa kwa notisi ya wiki moja, na aliyenipokea alianzia pale pale nilipoanzia.

Daktari mstaafu wa wilaya