Barua ya wazi kwa Mwakilishi wa Akina Mama, Kaunti ya Nakuru: tuletee sheria ya mali ya ndoa mpaka sokoni

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Molo. Mimi ni katibu wa chama cha kina mama wa viazi na nimeamua kuandika hapa wazi juu hili jambo si la mtu mmoja, liko Subukia, liko Kuresoi, liko Bahati, kila mahali kwa kaunti yetu.

Ndoa zinavunjika, hiyo hatuwezi kuficha. Chenye kinaniuma ni vile mama anatoka. Mwenzetu mmoja aliolewa kimila, mahari ikapelekwa, wakalima na bwanake miaka mingi, pesa ya viazi ndio ilinunua ploti na ndio ikajenga nyumba, lakini hati ina jina la mzee peke yake. Walipokosana mzee akauza, na kwa ile karatasi ya kukubali kuuza kuna sahihi ya mwanamke mwingine kabisa aliyepelekwa pale akasema yeye ndiye bibi. Huyu wetu akarudi kwao na watoto na masufuria.

Na sheria iko, Mheshimiwa! Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi kama bibi na bwana hawajakubaliana wote wawili, na hakuna mtu anafukuza mwenzake kwa nyumba ya ndoa bila amri ya korti. Inasema pia mali ikinunuliwa mkiwa kwa ndoa ikaandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kwamba anaishikia mwenzake pia, mpaka yeye athibitishe vingine. Tena kupika, kulea watoto, kulima shamba, kusimamia biashara ya familia, yote inahesabiwa kama mchango. Uliza kina mama sokoni ni wangapi wanajua hivyo. Mimi mwenyewe nimeuliza kwa chama, wengi walidhani bila jina kwa hati huna chako.

Sasa shida kubwa iko kwa ushahidi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kugawana nusu kwa nusu si kitu ya moja kwa moja, kila mtu aonyeshe alichangia nini. Sawa, mimi sipingi, kuna wanaume pia wamejenga peke yao na hawastahili kuonewa. Lakini mama wa viazi ataonyesha nini? Gunia tunauza kwa pesa taslimu, kibarua tunalipa kwa mkono, mbao na mabati zikinunuliwa risiti inaandikwa jina la mzee. Na kabla hata afike kwa mchango anaulizwa kama yeye ni bibi kweli, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe na wengi wetu hatujasajili, tunategemea wazee waliokuwa kwa mahari na wengine wao wameshakufa. Halafu huku Nakuru kuna ploti nyingi zenye hazina hati bado, ni cheti cha shea tu cha kampuni ya kununua mashamba. Mwenye ana hati anaweza kuambiwa aende ofisi ya ardhi aweke kizuizi shamba lisiuzwe, huyu wa shea ataweka wapi?

Watoto nao wanafanywa silaha. Baba anasema hatoi karo mpaka arudishiwe mtoto, mama anasema hutamuona mpaka utoe pesa. Katiba kifungu cha 53 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinasema jukumu ni la wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawajaoana, na maslahi ya mtoto ndiyo yanatangulia. Wakielewana wanaweza kuandikiana makubaliano ya malezi bila kupigana kortini, lakini nani amewaambia?

Mheshimiwa, tunashukuru kwa mahema na viti, vimetusaidia kwa harusi na matanga. Mwaka huu tunaomba kitu kingine. Tutumie loya na ofisa wa watoto, wakae sokoni siku ya soko, waongee Kiswahili, waonyeshe mama jinsi ya kusajili ndoa, kuweka jumbe za M-Pesa na risiti kwa jina lake, na kuandikisha ploti majina mawili wakati nyumba bado ina amani. Na kwa vile wewe ni mbunge kama wale wengine, peleka marekebisho bungeni: mwenye kukubali ploti iuzwe afike mwenyewe na kitambulisho na ushahidi wa ndoa, si karatasi ya kubebwa, na zile ploti za shea zipate mahali pa kuwekewa kizuizi. Sheria pia iseme wazi kazi ya nyumbani na ya shamba itapimwa vipi, juu saa hii kila hakimu anapima kivyake.

Ukitupa tarehe hata wiki moja mbele, sisi wenyewe tutaita kina mama kutoka Elburgon mpaka Turi. Hatuitishi posho wala chai. Na wanaume waje pia, tumeongea na wengine wao na wako tayari.

Katibu wa chama, Molo