Kwa viongozi wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa fedha): naomba mlale

Habari za jioni wenyeviti, makatibu na waweka hazina.

Tangu masika yachachamae, naona jumbe zenu zikiingia saa nane usiku. Marejesho yamekwama, mashamba yako majini, na kila mwanachama anawauliza ninyi mkopo utatoka lini. Najua hamlali.

Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha hatumwachii mtu mmoja. Basi na wasiwasi tusimwachie mwenyekiti peke yake. Aliyezidiwa amkabidhi makamu simu za kuanzia saa mbili usiku, na wanachama waambiwe wazi. Ukiulizwa usilolijua, sema "bado sijui, nitawajibu Jumamosi." Ahadi za kubahatisha ndizo zinazowanyima usingizi.

Wenye presha, tafadhali msiache dawa kwa kuwa mnajisikia nafuu. Presha hupanda kimyakimya. Mama wawili humu wameniambia wameruka dozi wiki hii kwa kukimbizana na marejesho, na imeniuma sana.

Jumamosi tukutane saa kumi jioni. Nusu saa ya kwanza hatufungui daftari, tunakunywa chai na kusikilizana tu.