Barua kwa mwanangu: Kabla hawajafungua injini

Mwanangu,

Hujambo, mama? Sisi huku wazima. Picha tano za lile gari nimezipata, nikazikuza moja moja kwenye simu. Ile ya nne, ya chini ya boneti, nimeirudia mara nyingi kuliko zote, na nitakuambia kwa nini.

Umeandika kwamba gari ni la dizeli, kuukuu, limesimama miaka miwili, na mwenye nalo anasema lilikuwa linatembea vizuri tu, siku moja likagoma kuwaka. Bei ameishusha kwa sababu hiyo. Unaniuliza ununue au uachane nalo.

Huenda umepata gari zuri. Injini za zamani za dizeli ni ngumu, hazina mambo mengi, na nyingi zinazosemwa zimekufa hazijafa. Ila ukilichukua, naomba unishikie neno moja: asiguse mtu pampu ya dizeli wala asifungue injini, hata awe fundi wa sifa namna gani, mpaka ujiridhishe kwa macho yako kwamba dizeli inafika na inafika bila upepo ndani yake. Neno hili nimelilipia.

Ulikuwa hujaanza shule niliponunua lile gari la kijivu. Pengine unakikumbuka kiti chake cha nyuma kilichochanika, ulikuwa ukichomoa sponji. Asubuhi lilikuwa linawaka kwa taabu, linatembea kidogo, linakohoa, linazima. Fundi niliyempelekea alisikiliza dakika mbili akasema pampu imekwisha. Ikafunguliwa. Nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zikapelekwa kupimwa. Nilitoa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa shughuli nyingine kabisa, na mama yako alijua, akanyamaza. Gari likarudi, likatembea siku mbili, siku ya tatu likazima palepale lilipokuwa linazimia.

Aliyelitengeneza ni mzee mmoja aliyezoea matrekta. Hakuja na sanduku la spana. Alikuja na kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu wa shubiri moja. Akauchomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, akaweka kile cha kwake katikati, akaniambia piga stata huku yeye anatazama, kisha tukabadilishana nami nikatazama. Dizeli ilikuwa inapita rangi yake ya asali, na ndani yake vipovu vinafuatana kama shanga kwenye uzi. Kimoja, kingine, kingine. Mzee akaanza kurudi nyuma kwa vidole, kutoka kwenye filta kuelekea kwenye tangi, anaukunja mpira kila baada ya inchi chache. Kwenye kona moja, karibu na klampu, mpira ulipokunjwa ukafunguka nyufa kama za kisigino kikavu. Ulipoachiwa, nyufa zikajifunga zisionekane.

Na chini yake pakavu kabisa. Hapo ndipo tuliponaswa sote. Tulikuwa tunatafuta mahali panapovuja, na kati ya tangi na pampu dizeli haisukumwi, inavutwa. Mpira ukitoboka upande huo haudondoshi kitu nje, unaingiza upepo ndani. Mzee akakata kipande kisichozidi kiganja, akaweka kipya na klampu mbili, tukatoa upepo, gari likawaka. Nililiendesha miaka mingine sita bila pampu ile kuguswa.

Nikueleze kwa nini kipovu kidogo kinaweza kusimamisha chuma kizima. Injini ya petroli inawasha kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni inavuta hewa tupu, inaibana mpaka nafasi yake inakuwa kama sehemu moja ya ishirini, na hewa ikibanwa hivyo inapata moto wa nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi. Hapo nozeli inapuliza dizeli kama ukungu, nayo inawaka yenyewe. Lakini nozeli haifunguki mpaka isukumwe kwa nguvu inayopita bar 100, yaani zaidi ya mara 100 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Dizeli haibonyei, kwa hiyo pampu ikiisukuma, nguvu yote inafika kwenye nozeli. Upepo unabonyea. Pampu inasukuma, kipovu kinajikunja, kinajikunjua, nozeli imefunga kimya.

Pampu yenyewe iheshimu. Injini ya mhandisi Rudolf Diesel ilipopimwa kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 ilikuwa inageuza kama asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini nyingine za wakati ule hazikulifikia, lakini dizeli ilipulizwa ndani kwa hewa ya kompresa, na mzigo wote huo haukufaa kubebwa na gari dogo. Kilichobadilisha mambo ni pampu za kusukuma dizeli yenyewe, ambazo kampuni ya Bosch walianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakaonyesha gari la abiria la dizeli, 260 D. Vyuma vya ndani ya pampu vinakaana kwa nafasi ya elfu chache za milimita, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Ndiyo maana maji na uchafu vinaiua, na ndiyo maana nakukataza kuifungua kwa kubahatisha. Yule atakayekuambia uchanganye petroli kidogo kwenye tangi ili iwake upesi, usimsikilize. Petroli inaosha ule ulaini.

Sasa kununua. Nenda mchana, na chukua mtu wa kukushikia vitu. Muulize mwenye gari lilizimaje: lilikuwa limeegeshwa likakataa kuwaka, au lilizima likiwa linakwenda, kwa kishindo? Akisema lilizima kwa kishindo na injini ni ya mkanda wa taimingi, ule unaozioanisha valvu na pistoni, fikiri kwamba mkanda ulikatika na valvu zimegonga pistoni. Hilo ni gari jingine na bei nyingine. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi isikutishe, ya dizeli inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Utishwe na iliyogeuka rangi ya maziwa, maana ina maji. Fungua na rejeta uone kama kuna mafuta yanaelea. Ingia chini na tochi na bisibisi, gonga chesisi na mahali breki na springi zinaposhika. Kutu iliyotoboa hapo ni sababu ya kuondoka, hata injini ingekuwa mpya. Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye hati. Mengine ya hati unayajua kuliko mimi.

Kisha, kabla mtu hajagusa swichi, weka spana kubwa kwenye nati ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, uizungushe injini kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Itakuwa nzito, inapumua, inakushinda kidogo halafu inaachia. Huo uzito ni habari njema, unaonyesha inabana. Ikigota kama imegonga mwamba, acha. Gari lililosimama miaka miwili linaweza kuwa na maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi. Ukipiga stata kwa nguvu, mkono wa pistoni unapinda.

Ukishalinunua, anza na tangi. Mwaga dizeli yote ya zamani, kidogo kwenye chupa ya kioo, uiache usiku mmoja. Asubuhi utaona maji yametuama chini, dizeli juu, na kati yao pengine utando mweusi wa kunata. Ule utando ni viumbe hai, vijidudu vinavyoota mahali maji na dizeli vinapokutana, na ndivyo vinavyoziba filta. Safisha tangi mpaka uridhike. Filta mpya. Mipira yote midogo ya dizeli mipya, ya kwenda na ya kurudi, na klampu zake, hata ile inayoonekana mizima. Ni vitu rahisi sana ukilinganisha na pampu, na kama ningefanya hivyo wakati ule barua hii ingekuwa fupi.

Betri iwe nzima na vichwa vya waya vimesafishwa mpaka ving'ae, pamoja na ule waya wa kwenda kwenye bodi. Dizeli inataka kuzungushwa kwa kasi. Stata ikizunguka kivivu hewa haipati moto, na utalaumu dizeli bure. Plagi za kupasha moto utazipima kwa taa ya betri: ondoa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, toa waya kutoka chanya ya betri kupitia taa, gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekatika.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili na subira. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga pampu ya mkono. Kwanza kitatoka povu, kisha povu na dizeli, kisha dizeli tupu. Usikaze mpaka iwe dizeli tupu, na ukidhani imekuwa, piga mara kumi zaidi. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, mwenzako apige stata sekunde kumi, apumzike, apige tena. Utaona nati zinatema. Kaza moja moja. Itakapokaribia kuwaka utaisikia: silinda moja itagonga peke yake, injini yote inatikisika, halafu ya pili inadakia, ya tatu, na ghafla inakaa sawa. Mama, sijui sauti nyingine ya chuma ninayoipenda kama hiyo.

Hapa nakuwa mkali. Mabomba yale yakiwa na nguvu usiyaguse kutafuta panapovuja. Dizeli inayotoka kwenye tundu dogo kwa mgandamizo ule inapenya ngozi. Unaona kitobo kama cha sindano, hakiumi sana, na ndani nyama inaoza. Ikitokea, nenda hospitali saa ileile, usingoje kesho. Vaa miwani. Usipulizie dawa ya kuwashia kwenye bomba la hewa, maana plagi zikiwa za moto inalipuka. Na kabla ya kupiga stata mara ya kwanza, muweke mwenzako karibu na mdomo wa bomba la hewa, ameshika kipande cha ubao kinachouziba wote. Injini kuukuu inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe, ikapanda kasi na kukataa kuzima hata uchomoe swichi. Kuinyima hewa ndiko kunakoizima. Azibe kwa ubao, kamwe si kwa mkono.

Ikiwaka itafuka moshi mweupe, ni kawaida, inapaswa kwisha ikipata moto. Moshi huo ukiendelea, kuna nozeli mbovu au mgandamizo mdogo, au maji yanaingia. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo, tazama kwanza filta ya hewa, mara nyingi panya wamefanya humo nyumba. Kisha fungua kifuniko cha oili kikae wazi juu ya tundu lake injini ikinguruma. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa na kutoa pumzi nzito, ringi za pistoni zimechoka. Kipimo cha mgandamizo kikisoma bar 25 au zaidi kwa kila silinda, furahi. Chini ya 20, jiandae kwa asubuhi ngumu.

Hata likiwaka vizuri namna gani, lisitoke nje ya geti kwa injini yake mpaka mkanda wa taimingi ubadilishwe, kama unao, na breki zifunguliwe zote, mipira yake na mafuta yake. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu yakikaa. Nakujua, utataka kulizungusha kidogo tu. Usilizungushe.

Sasa picha ya nne. Juu ya pampu, upande wa nyuma, kuna kitu kama kofia ndogo yenye msumari wa skrubu kichwani. Ile ni swichi ya kukata dizeli. Umeme ukifika, inafungua njia. Umeme usipofika, imefunga, na injini haitawaka hata uizungushe wiki nzima. Kwenye picha naona waya mmoja mweusi unaning'inia pembeni yake, una kipande cha shaba mwishoni, na ule msumari hauna kitu. Huenda ni kivuli, huenda waya ni wa kitu kingine. Kabla hujapatana bei ya mwisho, nenda kaushike. Ukipata ruhusa ya mwenye gari, uguse kwenye ule msumari swichi ya ufunguo wa gari ikiwa imewashwa, kisha utoe, kisha uguse tena, huku sikio liko karibu. Kama kitasema "tak" kila ukigusa, nipigie simu saa ileile, hata iwe usiku, na usimwambie muuzaji lolote mpaka tuongee.

Baba yako