Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania

YAH: MSAMIATI WA KIINGEREZA KWA KIDATO CHA KWANZA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili anaijua pembetatu, anakijua kipeuo cha pili, anajua pia kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Akiingia Kidato cha Kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, anaonekana hajui hisabati wala sayansi, kumbe kilichomkwamisha ni majina. Wiki za mwanzo, zile ambazo shuleni tunaziita baseline, ndizo zenye kazi ya kumvusha. Ombi letu ni kwamba msamiati wa wiki hizo upangwe kwa masomo, na uanzie kwenye Kiswahili alichokuja nacho mtoto.

Kufundisha Kiingereza kupitia masomo si jambo geni. Hispania, serikali ya mkoa wa Madrid ilianza mpango wake wa shule za lugha mbili mwaka 2004, na mazoezi yaliyotungwa kwa wasemaji wa Kihispania yamejaa mtandaoni, tayari kupakuliwa na kutolewa kopi. Tunashauri yasichukuliwe mazima mazima. Mazoezi hayo yanategemea undugu wa maneno. Mtoto wa Kihispania akikutana na "triangle" tayari ana "triángulo". "Density" kwake ni "densidad". Na akishaonyeshwa kuwa "-ción" ya kwao ndiyo "-tion" ya Kiingereza, anavuna mamia ya maneno kwa mpigo. Kwake "evaporation" ni jepesi kuliko "lid". Anachoonywa ni maneno yanayofanana sura tu: "carpeta" ni faili la kuwekea karatasi, si zulia, na "billón" ya Kihispania ni milioni mara milioni, ilhali "billion" ya Kiingereza ni milioni elfu moja.

Kwetu mlango huo umefungwa karibu wote. Usanisinuru haifanani kwa lolote na "photosynthesis". Undugu mdogo tulio nao, wa oksijeni, seli, atomu, gesi na volkano, ufundishwe siku ya kwanza ili mtoto apate moyo, halafu tuhamie kwenye utajiri wetu wenyewe: istilahi zetu nyingi zinajieleza. Pembetatu ni pembe na tatu. "Triangle" nayo ni "tri" na "angle". Mwalimu akilikata neno ubaoni mara moja, mtoto hapati "triangle" peke yake, anapata na "angle" ya mada inayofuata. Vivyo hivyo, aliyeshika MAGAZIJUTO hana haja ya kufundishwa upya mpangilio wa matendo. Apewe dakika kumi za kuiweka BODMAS, kifupi cha Kiingereza cha mpangilio huo huo, pembeni yake, mabano kwa "brackets", gawanya kwa "division", na aelezwe ile O ambayo haina mwenzake kwa Kiswahili.

Lakini neno pekee halijibu swali. Chukulia kipindi kimoja cha dakika 40 kuhusu hali za maada. Mwalimu anainjika sufuria ya maji jikoni na kuifunika. Wanafunzi wanasema kwa Kiswahili wanachokiona: maji yanachemka, mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unageuka matone. Dakika kumi zinatosha, na hakuna anayebaki nje. Ndipo yanakuja maneno manane, yasizidi: "heat", "boil", "steam", "lid", "cool", "droplet", "evaporate", "condense". Kila moja litamkwe mara tatu kabla ya kuandikwa. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na mtoto akiliona "heat" kabla hajalisikia atalisoma "he-ati", na kulifuta hilo baadaye ni kazi kubwa.

Kisha sentensi: "When water is boiled, it turns into steam." Hapa sarufi yetu inasaidia kuliko kamusi. Andika "yakichemshwa" na ulikate kwa chaki za rangi: "ya" ni "it", "ki" ni "when", na ile "w" ya kutendwa ndiyo "is" pamoja na "-ed". Neno moja la Kiswahili, manne ya Kiingereza: "when it is boiled". Sentensi za aina hii zimejaa kwenye vitabu vya sayansi, kwa hiyo ufunguo huu mmoja unafungua sura nyingi. Hapo hapo lirekebishwe kosa ambalo chanzo chake kinajulikana: kwa Kiswahili maji huchukua upatanisho wa wingi, ndiyo maana mtoto anaandika "water are boiling". Si uzembe, anafuata sarufi yake.

Daftari la msamiati liwe na safu nne: Kiswahili, Kiingereza, matamshi kwa herufi zetu, na sentensi. Safu ya nne ndiyo huachwa tupu, na ndiyo inayotafutwa kwenye mtihani. Kitenzi kitangulie nomino, "evaporate" kabla ya "evaporation". Anayekariri nomino tu hujikuta anaandika "water is evaporation". Jaribio fupi lifanyike kesho yake, na jingine baada ya wiki. Maneno manane kwa kila somo kwa wiki, masomo matano, wiki sita: jumla 240. Orodha ndefu zaidi itanakiliwa tu.

Tunaomba ukurasa wa pekee kwa maneno yanayobadilika maana kila somo. "Table" ya hisabati ni jedwali. "Solution" ya kemia imo ndani ya bika, kile chombo cha maabara, ya hisabati imo mwisho wa hesabu. "State" ni amri kwenye swali, ni hali kwenye sayansi, ni dola kwenye historia, na swali kama "State three states of matter" linaweza kumzuia mtoto anayezijua zote tatu, yabisi, kimiminika na gesi, tangu shule ya msingi. "Weight" nayo ina mtego kwetu, kwa kuwa sokoni tunasema uzito wa kilo mbili, ilhali kwenye fizikia kilogramu hupima tungamo na uzito hupimwa kwa nyutoni. Kwenye aljebra, "5 less than x" huandikwa 5 − x na wanaofuata mpangilio wa maneno, badala ya x − 5.

Mwisho, kazi hii isiachiwe mwalimu wa Kiingereza peke yake. Yeye hana bika wala ramani, na hatakiwi kujua kwamba "relief" ya jiografia ni sura ya nchi. Kila mwalimu wa somo afundishe maneno yake manane, na mwongozo uchapishwe kwa lugha zote mbili, ukurasa mmoja kwa wiki, ambao mwalimu anaweza kuubandika ukutani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa masomo, Kidato cha Kwanza