Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti ya Nakuru: lugha ya nyumbani na mtoto mwenye usonji

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamifu ninayetafiti jinsi watoto wenye usonji (autism), hali inayoathiri mawasiliano, wanavyokua katika nyumba zenye lugha mbili, hasa miongoni mwa Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, wa Mariashoni na Nessuit. Nakuandikia kuhusu ushauri ambao wazazi niliozungumza nao walipewa walipopeleka watoto wao kutathminiwa: waache Kiogiek, wamsemeshe mtoto Kiswahili peke yake, asije akachanganyikiwa.

Mama mmoja aliufuata ushauri huo kwa moyo wote. Kiswahili chake ni cha sokoni. Kinamtosha kuuza viazi, lakini hana ndani yake maneno ya kumbembelezea mtoto anayelia usiku, na nyanya, ambaye Kiswahili hakijui, aliacha kabisa kumsemesha mjukuu wake kwa kuogopa kumharibu. Mtoto ambaye tangu awali alizungumza kwa taabu akapunguziwa watu wa kuzungumza naye.

Mwaka wa 2012, nchini Kanada, Catherine Hambly na Eric Fombonne walichapisha utafiti wa watoto 75 wenye usonji, baadhi wakilelewa kwa lugha mbili na wengine kwa moja, wala hawakuona kwamba lugha ya pili iliwachelewesha zaidi. Nakubali kwamba Kanada si Mau, na ndiyo sababu nafanya kazi hii. Hata hivyo, anayemtaka mzazi aiache lugha yake ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Linalonisumbua zaidi ni tathmini yenyewe. Katika kituo ambacho sitakitaja, niliketi, kwa idhini ya wazazi, mtoto akionyeshwa picha ya mzinga wa nyuki. Aliutaja papo hapo kwa Kiogiek. Fomu ikaandikwa kwamba hakujibu, ilhali huyu ni mtoto wa nyumba ya warina asali. Simlaumu afisa aliyeandika, kwa maana fomu haikumpa nafasi ya kuandika vingine.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze matumizi ya lugha za kiasili, na sera ya elimu inaruhusu lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya mwanzo. Itakuwa ajabu mtoto wa kawaida afundishwe kwa lugha ya mamake, na mwenye usonji akatazwe kuisikia hata jikoni.

Naomba utoe waraka kwa maafisa wa tathmini ili fomu iulize mtoto husemeshwa lugha gani na nani, neno sahihi lihesabiwe kwa lugha yoyote, na awepo mtu wa kufasiri, hata akiwa shangazi wa mtoto. Wapo wazee na vijana wa Mariashoni walioniambia wako tayari kuifanya kazi hiyo, nami nitawaleta ofisini kwako siku utakayopanga.

Wako mwaminifu,
Mtafiti, Njoro